Kanisa la Kidia na Makaburi ya Vihambani

Katika vijiji vya Uingereza kanisa la parokia ndilo kitabu cha historia ya mahali. Jengo huelekea mashariki, mara nyingi lina mnara wa kengele upande wa magharibi, na kulizunguka pana makaburi ya wanakijiji, kizazi juu ya kizazi. Tena tangu mwaka 1538 mapadre waliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko. Mtu atakaye kujua asili ya ukoo huenda kanisani akasoma mawe na madaftari. Je, mtu apandaye Kidia, katika Moshi ya Kale, atasoma nini?

Wamisioni wa kwanza wa Moshi nao walikuwa Waingereza, wa chama cha C.M.S., waliokuja mwaka 1885 kwa Mangi Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara. Rindi alikufa mwaka 1891. Mwanawe Meli akapigana na Wadachi, na mwezi Juni 1892 akawashinda, hata mkuu wao von Bülow akauawa. Wadachi wakawashuku Waingereza kuwa wamemsaidia Meli, nao wakahamia Taveta mwaka huo huo. Wamisioni wa Leipzig walipofika mwaka 1893 walianza Machame kwa Mangi Shangali. Kituo cha Kidia kilifunguliwa mwaka 1896. Hapo ndipo alipofanya kazi Bruno Gutmann, mwandishi mkubwa wa desturi za Wachagga, aliyerudi kwao mwaka 1938.

Reli ilifika mwaka 1911, ikakoma chini tambarare. Mji ukaifuata, ukachukua na jina la Moshi. Kanisa likabaki juu.

Nyumba ya kale ya Mchagga ilikuwa ya mviringo, paa la majani likishuka karibu na ardhi, moto ndani, na mifugo ikilala pamoja na watu. Kanisa ni kinyume chake: refu, la pembe nne, lenye madirisha, na watu wote hutazama upande mmoja. Kwa wazee wa siku zile, nadhani, kukaa hivyo bila kuzunguka moto kulikuwa jambo geni kuliko mahubiri yenyewe.

Lakini tofauti iliyo kubwa zaidi na kanisa la Uingereza iko nje ya kuta. Mchagga huzikwa kihambani, penye migomba yake. Zamani fuvu la mzee lilifukuliwa baada ya muda, likawekwa kwa heshima penye masale. Desturi hiyo imekoma, ila maziko ya kihambani yangaliko, na Mkristo aliyebatizwa kanisani hulala kwa baba zake. Kwa hiyo historia ya usharika imegawanyika: majina yamo daftarini, makaburi yametawanyika mlimani. Navyo vihamba hugawanywa kwa wana mpaka vimekuwa vidogo sana, na kaburi lisilo na jiwe husahauliwa upesi.

Akina Yohane na Petro wa ukoo mmoja ni wengi daftarini. Walimu wenzangu waandikao maziko wangeongeza mstari mmoja tu: amelazwa kihamba cha nani, na katika mtaa upi.