Usiku wa Mwisho wa Shoo: Rada Yote Kabla Utoke Eldy

Usiku wa mwisho ni ile shoo ya kufunga kazi. Mchezo wa jukwaani wenye nyimbo na densi umeonyeshwa wiki kadhaa, pengine miaka, halafu tarehe inafika. Baada ya hapo jukwaa linabomolewa, mavazi yanarudi kwa masanduku na waigizaji wanaanza kutafuta kazi ingine.

Kama umelelewa hapa 64, hii kitu inaweza kukuchanganya kidogo. Tumekuwa jiji tangu Agosti 2024, sawa, lakini shoo nyingi za hapa ni za wikendi moja kwa holi ya shule, chuo ama hoteli. Usiku wa kwanza na wa mwisho mara nyingi ni usiku ule ule.

Majuu mambo ni tofauti. Kule Broadway, New York, shoo inaendelea bora watu wanaendelea kununua tiketi. The Phantom of the Opera ilianza pale Majestic Theatre Januari 26, 1988, ikafungwa Aprili 16, 2023. Hiyo ni miaka 35 na shoo 13,981. Kuna watu walizaliwa, wakasoma, wakaoa, na ile taa kubwa ya Phantom bado ilikuwa inaanguka kila usiku. Ilifungwa juu gharama zilipanda na watazamaji hawakurudi vizuri baada ya Korona. Cha kushangaza, walipotangaza kwamba inafungwa Februari, tiketi zikaenda kama chapati moto hadi wakaisongesha mpaka Aprili. Binadamu ni yule yule kila mahali: kitu kiko hapo miaka yote hukijali, kikisema kwaheri unapanga laini.

Sasa ya kwetu.

Shoo yenye nyimbo iliyotikisa Kenya kuliko zote ni Ngaahika Ndeenda, ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Iliandikwa kwa Kikuyu na ikachezwa Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Waigizaji hawakuwa masupastaa. Walikuwa wakulima, wafanyakazi wa viwanda na mashamba, watu wa mtaa tu. Walijenga ukumbi wao wenyewe, wazi, hauna paa. Nyimbo zingine zilitoka kwa wazee wa pale pale, na mazoezi yalifanywa mbele ya watu, kwa hivyo mtu akiona umekosea anakurekebisha hapo hapo.

Ilifunguliwa Oktoba 2, 1977. Shoo zilikuwa za wikendi, na watu walikuwa wanatoka mbali kuziona. Hadithi yenyewe ilikuwa moto: mkulima mwenye kashamba kadogo, tajiri anayekataka, na ahadi tamu za kumhadaa. Kila mtu alijua ni nani anayesemwa.

Novemba 16, 1977, Jumatano, leseni ikafutwa. Wiki sita na kitu tu. Hebu fikiria wale waliokuja wikendi iliyotangulia. Walipiga makofi, wakaenda nyumbani, wakijua Jumamosi wanarudi. Hakuna aliyewaambia kwamba huo ndio ulikuwa mwisho. Hakuna hotuba, hakuna maua, mwigizaji hakulia jukwaani. Mwisho wa Desemba, Ngũgĩ wa Thiong'o akashikwa, akawekwa Kamiti karibu mwaka mzima bila kesi.

Mwaka 1982 wakajaribu tena na Maitũ Njugĩra. Hiyo hata haikupata usiku wa kwanza. Walinyimwa Kenya National Theatre, wakahamisha mazoezi chuoni Nairobi, na watu wakajaa kutazama mazoezi yenyewe mpaka nayo yakapigwa marufuku. Machi mwaka huo, karao wakaenda Kamĩrĩĩthũ na kubomoa ukumbi.

Ngaahika Ndeenda ilirudi Mei 2022, pale pale Kenya National Theatre, chini ya Nairobi Performing Arts Studio, mwelekezi akiwa Stuart Nash. Siku zingine ilichezwa kwa Kikuyu, zingine kwa Kiingereza. Miaka 45 baadaye, mchezo ukafungwa na wenyewe, sio na serikali. Ngũgĩ wa Thiong'o aliaga Mei 28, 2025. Kwangu mimi hiyo shoo ya 2022 ni kubwa kuliko Phantom, hata kama haikufikisha mwezi.

Ukitaka kushuka Nairobi kuona shoo ikifungwa, panga mapema. Ni zaidi ya kilomita 300, na barabara ya Nakuru haina huruma, kwa hivyo usitoke Eldy saa sita ukidhani utafika kabla taa zizimwe. Kenya National Theatre iko Harry Thuku Road, mkabala na Norfolk. Kwetu Kenya tarehe ya kufunga huwa kwa bango kutoka mwanzo, juu ukumbi umekodishwa kwa siku zile tu. Usingoje waongeze. Kama ni Jumapili jioni, tafuta pa kulala, usiwe msee wa kuchungulia saa badala ya jukwaa.

Ukifika, simu weka mfukoni. Na shoo ikiisha usikimbilie mlango. Utamu wa usiku wa mwisho uko baada ya wimbo wa mwisho: wanaotengeneza taa na mavazi wanaitwa mbele, mwelekezi anaongea, wale wamekuwa wagumu wiki zote wanaanza kufuta macho. Phantom ikifungwa, Andrew Lloyd Webber mwenyewe alipanda kuongea, wiki chache tu baada ya kumpoteza mtoto wake Nick.

Na kama hauna doh ya Nairobi, kuna shoo ndefu karibu na wewe ambayo watu huwa hawaihesabu: setibuku. Vikundi vinazunguka shule na mchezo mmoja miaka, hadi kitabu kibadilishwe. Kigogo ya Pauline Kea ilizunguka hivyo, ikapisha Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Darasa la mwisho la 8-4-4 linafanya KCSE 2027. Kama uko na sista mdogo kwa hilo darasa, muulize kikundi kinakuja shuleni kwao lini, na kama wageni wanaruhusiwa kuingia.