Uzunguni, Uswahilini na Vigingi vya Dhahabu

Sisi wa visiwani hatuna haja ya kufundishwa kwamba mji huchorwa kwa mstari. Hori la bahari lilitenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Hori likafukiwa, daraja likatoweka, jina la Darajani likabaki. Leo namwomba msomaji tuiache pwani, twende Usukumani, ambako mistari ya miji ilichorwa na almasi na dhahabu.

Mwaka 1940 mwanajiolojia wa Kikanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, karibu na Shinyanga. Baada ya miaka michache palisimama mji mzima ndani ya ua: nyumba, hospitali, skuli, kiwanja cha ndege. Ulikuwa mji wa mwajiri. Aliyeingia aliingia kwa idhini. Nyumba ilifuata cheo, na zama zile cheo kilifuata rangi. Katika mji wa namna hiyo hakuna anayegombea kiwanja cha kujenga gesti: mgeni ni wa kampuni, na kitanda chake ni cha kampuni. Williamson alifariki mwaka 1958, mgodi ukauzwa kwa De Beers na Serikali ya Tanganyika, nusu kwa nusu. Ua ulibaki.

Nje ya ua, miji ilipangwa kwa sheria ya mwaka 1956, iliyodumu hadi ilipotungwa Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Kuigeuza nyumba ya kuishi kuwa nyumba ya kulala wageni kulitaka kibali, na kungali kunataka. Wakoloni waligawa makazi kwa rangi. Makaratasi yakaja kusema ujazo: mdogo, wa kati, mkubwa. Umma haukudanganyika, ukaendelea kusema Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. (Nimefasiri nyaraka nyingi maishani, na sijapata kuona ramani iliyofasiriwa kwa ufupi na ukweli kiasi hicho.)

Geita ni habari nyingine, na nzito zaidi. Dhahabu ilionekana huko mwaka 1898, zama za Wajerumani. Mgodi wa zama za Waingereza ulianza katika miaka ya 1930, ukafungwa 1966, mji mdogo ukaachwa ujiendee. Mwaka 2000 ukafunguliwa mgodi mpya, na eneo la leseni yake, kilomita za mraba zipatazo 196, likafunika hata sehemu ya mji. Mwaka 2012 mji huohuo ukafanywa makao makuu ya mkoa. Wakaja watumishi, mafundi, madereva, wanunuzi wa dhahabu, na wote walitaka pa kulala.

Hapo ndipo ramani mbili zilipogongana juu ya udongo mmoja. Mpangaji wa mji aweza kuandika: hapa hoteli, hapa soko. Lakini mwenye kiwanja ana haki ya uso wa ardhi tu. Madini ya chini ni mali ya Jamhuri, na ruhusa ya kuyachimba hutolewa kwa leseni. Basi mtu aliyedunduiza fedha za kuongeza ghorofa juu ya gesti yake hana budi kujiuliza: nikijenga, nitaachwa? Nikiondolewa, nitalipwa nyumba au kiwanja kitupu? Mgogoro huu umefika hadi Bungeni, si mara moja.

Nao msamiati umezaliwa. Kule, kiwanja huulizwa kwanza kama kiko ndani ya bikoni au nje; habari za Uzunguni na Uswahilini hufuata baadaye.