Miaka Sabini ya Matope: Historia Fupi ya Mashindano ya Kimataifa ya Mbio za Nyika, 1903–1972

Mashindano haya yalizaliwa Jumamosi, tarehe 28 Machi 1903, katika uwanja wa mbio za farasi wa Hamilton Park, Scotland. Timu zilizofika zilikuwa nne tu: England, Ireland, Scotland na Wales. Kijana wa leo aliyezoea bendera za mabara yote atauliza ukimataifa wenyewe ulikuwa wapi hapo. Aulize tu. Ila ajue kwamba Mskoti aliyepigwa na Mwingereza siku ile hakurudi kwao akisema amepigwa na ndugu yake.

Uwanja wa farasi ulichaguliwa kwa akili. Ulikuwa na uzio, kwa hiyo kiingilio kingeweza kutozwa. Ulikuwa na jukwaa la watazamaji, na ulikuwa na nyasi ndefu ambazo mvua ya Machi huzigeuza tope la kumeza kiatu. Mwaka uliofuata mashindano yakaenda Haydock Park, na 1905 yakafika Baldoyle karibu na Dublin, vyote viwanja vya farasi. Desturi hiyo ilijirudia mara nyingi: Caerleon kule Wales, Lasarte jirani na San Sebastián, Waregem nchini Ubelgiji. Kwa miaka mingi wakimbiaji wetu walikuwa wapangaji wa farasi, na walilipa kodi yao kwa jasho.

Kabla sijaingia kwa mabingwa, niseme jambo moja ambalo magazeti hayakulipenda sana. Heshima kubwa ya siku hiyo ilikuwa ya timu. Wa kwanza kufika alihesabiwa pointi moja, wa pili mbili, wa hamsini hamsini. Kila nchi ilijumlisha nafasi za watu wake sita wa mwanzo, na jumla ndogo ndiyo iliyoshinda. Kwa hiyo ubingwa wa nchi nzima ungeweza kuning'inia kwenye miguu ya mtu wa sita, yule ambaye hakuna mpiga picha aliyemngoja, anayepambana na Mbelgiji asiyemjua jina ili nafasi ya 31 isiwe ya 32. Nimewapenda mabingwa wote nitakaowataja, lakini ukiniuliza nani alikuwa mhimili wa mashindano haya, nitakuonyesha yule wa sita.

Bingwa wa kwanza alikuwa Alfred Shrubb wa Horsham, mtu mdogo wa umbo aliyefanya kazi ya ujenzi. Husimuliwa kwamba kipaji chake kilijulikana usiku wa moto: gari la zimamoto lililokokotwa na farasi lilipopita, Shrubb alilifuata mbio akiwa na nguo zake za kazi, na akaenda nalo sambamba hadi kwenye moto. Alikuwa bingwa wa England katika nyika mara nne mfululizo, 1901 hadi 1904, na mashindano ya kimataifa akayatwaa mara mbili, 1903 na 1904. Novemba 1904, katika uwanja wa Ibrox mjini Glasgow, alikimbia mita 18,742 kwa saa moja. Hakuna mkimbiaji wa ridhaa aliyekuwa amewahi kufika huko. Baadaye yakazuka maneno kuhusu posho na kanuni za riadha ya ridhaa, na Shrubb hakuonekana tena kwenye mashindano yetu. Mambo ya fedha yana wenyewe, nami nayaacha hapo.

Mwaka 1907 Ufaransa ilijiunga, na hapo jina la mashindano likapata uzito. Mwaka uliofuata yalifanyika Colombes, nje ya Paris, na Wafaransa wakaanza kuyaita Cross des Nations. Walikuja kama wanafunzi, lakini haukupita muda wakatuletea mwalimu. Jean Bouin, mzaliwa wa Marseille, alishinda mara tatu mfululizo: 1911 Wales, 1912 Edinburgh, na 1913 nyumbani Juvisy. Alikuwa mgeni wa kwanza kuwanyang'anya Waingereza na jamaa zao ubingwa wa mtu mmoja mmoja. Mwaka 1912 alikwenda Olimpiki ya Stockholm na kushindwa na Hannes Kolehmainen katika mita 5,000 kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mwaka 1913 alikimbia mita 19,021 kwa saa moja, akaivunja rekodi ya Shrubb. Tarehe 29 Septemba 1914 aliuawa vitani. Mashindano nayo yakanyamaza hadi 1920.

Yaliporudi, yalirudi na watu waliotoka kwenye mahandaki. Joseph Guillemot alikuwa amevuta gesi ya sumu vitani, mapafu yakaharibika, na juu ya hayo inasemwa moyo wake ulikuwa upande wa kulia. Mtu huyo ndiye aliyepata dhahabu ya mita 5,000 kule Antwerp 1920, na mwaka 1922 mjini Glasgow akatwaa ubingwa wa nyika huku Ufaransa ikipata kombe la timu kwa mara ya kwanza. Tangu 1903 kombe hilo lilikuwa limelala England tu, mpaka wengine wakadhani lina kitanda chake huko.

Ubelgiji nayo ikaingia, kisha Hispania na majirani wengine. Ireland ilipitia mambo yake ya mipaka na vyama katika miaka hiyo. Yalikuwa na uchungu wake, lakini mashindano yaliendelea kupokewa Dublin na Belfast kwa zamu, na wenyeji wote wawili walitukirimu. Mwaka 1931 Tim Smythe aliwapa Wairishi ushindi nyumbani Baldoyle, na wanaoijua Ireland hawahitaji kuelezwa usiku ule ulikuwaje.

Kisha Jack Holden. England imetoa mabingwa wengi, nami nitaonekana nina upendeleo kwa kuwaruka wengine, lakini nani mwingine alishinda 1933, 1934, 1935, halafu akarudi 1939 kushinda tena? Vita ya pili ikamla miaka yake mizuri. Watu wakadhani ameisha. Mwaka 1950, akiwa na miaka 42, alikwenda Auckland kukimbia marathoni ya Michezo ya Dola. Mvua ililowesha viatu vyake hadi vikawa havifai, akavitupa, akamaliza maili za mwisho peku, na njiani jibwa kubwa likamkimbilia. Alishinda. Miezi michache baadaye akawa bingwa wa marathoni wa Ulaya mjini Brussels. Walioshangaa hawakuwa wamemwona kwenye matope ya Machi.

Baada ya vita mashindano yalifunguliwa upya Ayr, Scotland, mwaka 1946. Raphaël Pujazon, Mfaransa aliyezaliwa Hispania, alishinda mwaka huo na uliofuata. Nyuma yake alikuwa anakuja mtu ambaye kwangu mimi ndiye nyika yenyewe.

Alain Mimoun alizaliwa Aljeria tarehe 1 Januari 1921. Alipigana Italia katika jeshi la Ufaransa, akajeruhiwa mguu huko Monte Cassino, na madaktari walikaribia kuukata. Baada ya vita alifanya kazi ya kuhudumia wateja mezani katika klabu ya Racing ya Paris, na jioni alijifua. Katika Olimpiki Emil Zátopek alimfunika: fedha 1948, fedha mbili 1952. Lakini tafuta jina la Zátopek katika orodha ya mabingwa wa Cross des Nations, hulioni. La Mimoun limo mara nne: Dublin 1949, Hamilton 1952, Birmingham 1954, Belfast 1956. Mwaka huo wa mwisho vita vya Aljeria vilikuwa vimewaka, na jezi aliyoivaa Mimoun ilikuwa ya Ufaransa. Watu wana maoni yao juu ya hilo, na kila mmoja abaki na yake.

Miezi michache baada ya Belfast alikwenda Melbourne kwa marathoni yake ya kwanza. Alifika wa kwanza, akasimama kwenye mstari kumngoja rafiki yake Zátopek, aliyemaliza wa sita, wakakumbatiana. Binti yake aliyezaliwa siku hizo akaitwa Olympe. Na aliyeshika nafasi ya pili? Franjo Mihalić wa Yugoslavia, bingwa wetu wa Vincennes mwaka 1953. Mabingwa wawili wa nyika, dhahabu na fedha. Mtu asiniambie tena kwamba nyika ni mazoezi ya wanaosubiri majira ya joto.

Katika miaka hiyo hiyo Frank Sando wa England alishinda San Sebastián 1955 na Waregem 1957. Huyu ndiye aliyepoteza kiatu kimoja mapema katika mita 10,000 za Olimpiki ya Helsinki na bado akamaliza wa tano.

Mwaka 1960 mashindano yalirudi Hamilton, na aliyeshinda alikuwa Rhadi ben Abdesselam wa Moroko, bingwa wa kwanza kuvaa jezi ya nchi ya Afrika. Septemba hiyo, katika marathoni ya Olimpiki mjini Roma, Rhadi huyo huyo ndiye aliyekuwa bega kwa bega na Abebe Bikila usiku, mpaka Mhabeshi akamwacha karibu na mwisho.

Miaka iliyofuata nitaipitia haraka, nafasi imeniishia. Basil Heatley, Nantes 1961. Gaston Roelants wa Ubelgiji 1962, na tena 1967, 1969 na 1972. Wa kwanza kumfikia Holden kwa ushindi mara nne alikuwa Mimoun, wa pili ni yeye. Roy Fowler 1963, Francisco Aritmendi 1964, Jean Fayolle 1965. Rabat ilikuwa mwenyeji 1966, akashinda Ben Assou El Ghazi wa pale pale Moroko. Tunis 1968, akashinda Mohammed Gammoudi mbele ya watu wake, na miezi michache baadaye kule Mexico akawatangulia Wakenya Kipchoge Keino na Naftali Temu katika mita 5,000. Mike Tagg 1970, David Bedford 1971. Wanawake walipata mbio zao kuanzia 1967, na Doris Brown wa Marekani akashinda mara tano mfululizo.

Mbio za mwisho zilikuwa Cambridge 1972. Mwaka uliofuata shirikisho la riadha la dunia lilichukua uendeshaji, na makabidhiano yalikwenda kwa heshima, ingawa si kila mzee wa vyama vya awali aliyelala usingizi. Yakaanza upya Waregem, uwanja wa Sando, na Pekka Päivärinta wa Finland akashinda.

Yaliyobaki wasomaji wetu wanayajua kuliko mimi: Kenya kujiunga 1981, kombe la timu ya wanaume kukaa Kenya tangu 1986 hadi 2003, John Ngugi mara tano, Paul Tergat mara tano, joto la Mombasa 2007 lililomtoa Kenenisa Bekele na kumpa Zersenay Tadese ushindi, Kampala 2017 Joshua Cheptegei kuishiwa nguvu akiongoza na kumaliza wa 30, kisha Aarhus 2019 kurudi na ubingwa, safari hiyo Uganda ikiondoka na la timu pia.