Milango ya Bahari na Shaba ya Katanga

Inchi iliyo mbali na bahari ni sawa na nyumba ambayo mulango wake unafungukia katika kiwanja cha jirani. Mwenye nyumba aweza kuwa tajiri, lakini hawezi kutoka wala kuingia bila mapatano. Historia ya Katanga yatufundisha jambo hilo.

Congo ina pwani ya kilometa 37 tu hivi, kule Banana na Moanda, mbali sana nasi. Basi gari la moshi la kwanza, lililofika Elisabethville mwaka wa 1910, lilitoka kusini, kwa njia ya Rodezia. Shaba iliyoanza kuyeyushwa hapa mwaka wa 1911 ilipita njia ile ile hata Beira, bandari ya Waportugezi.

Wabeljiki hawakupenda kutegemea mulango wa wengine. Mwaka wa 1921 Waingereza waliwapatia viwanja vya bandari Dar es Salaam na Kigoma, kwa kodi ya franka moja kwa mwaka. Mwaka wa 1928 reli ya BCK ilifika Port-Francqui, ndiyo Ilebo ya leo. Hivi ilizaliwa “njia ya taifa”: gari la moshi hata Ilebo, mashua ya moshi katika mito Kasai na Congo hata Léopoldville, kisha tena reli hata Matadi. Mizigo ilishushwa na kupakiwa mara mbili mbele ya kufika penye meli. Mwaka wa 1931 ilifunguliwa reli ya Lobito, iliyo fupi zaidi. Lakini serikali ya wakoloni ilitaka shaba nyingi ipite Matadi, kusudi feza ya usafiri ibaki katika koloni.

Mwaka wa 1975 vita ya Angola ilifunga njia ya Lobito. Siku hizi shaba nyingi yapita Kasumbalesa kwa malori, kwenda Dar es Salaam au Durban. Tangu mwaka wa 2024 Lobito yaipokea tena, na huko Banana kazi ya bandari kubwa ilianza mwaka wa 2022.

Ndugu makatekista, jambo hili si la wafanya biashara tu. Mama wa Bel-Air anayenunua kitenge hajaona bahari, lakini katika bei yake analipa bandari, malori na mipaka. Papa Yoane XXIII, katika barua Pacem in Terris ya mwaka wa 1963, alifundisha kwamba taifa moja haliwezi kujitosheleza bila mengine. Tuwaeleze Wakristu wetu: kujenga bandari yetu ni vema, na kushika amani na majirani ni lazima, kwani vita ya jirani yaweza kutufungia njia kwa miaka mingi.