Selimundu: maana, uundaji na matumizi

selimundu nomino, ngeli ya I-/ZI-

Maana
1. Seli nyekundu ya damu iliyopinda na kuwa na umbo la mundu. 2. Ugonjwa wa damu wa kurithi unaosababishwa na himoglobini isiyo ya kawaida, ambayo huzifanya seli nyekundu zipinde, zigande na kuziba mishipa midogo ya damu. Dalili zake ni pamoja na vipindi vya maumivu makali ya mifupa na viungo, macho kuwa ya manjano, kuvimba viganja na nyayo kwa watoto wachanga, na upungufu wa damu.

Asili na uundaji
Neno hili ni ambatani ya nomino mbili. Seli limetoholewa kutoka Kiingereza. Mundu (wingi miundu) ni kifaa cha chuma kilichopinda cha kukatia majani au kuvunia mpunga. Uundaji huu unafanana na ule wa batamzinga: nomino ya kwanza hutaja kitu chenyewe, ya pili hukieleza kwa mfanano. Tashbihi hiyo ilianza mwaka 1910, daktari James Herrick wa Chicago alipozifananisha seli za damu ya mgonjwa wake na mundu. Kifaransa kina drepanositosi, neno linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana hiyo hiyo ya mundu. Katika mazungumzo ya hospitalini na mitaani husikika pia sikoseli. Umbo hilo linaeleweka, lakini katika maandishi rasmi selimundu ndilo linalofaa.

Sarufi
Neno likisimama peke yake hufuata upatanisho wa I-/ZI-: selimundu imemdhoofisha. Likitanguliwa na ugonjwa, upatanisho hufuata ugonjwa: ugonjwa wa selimundu umemdhoofisha. Maneno mgonjwa wa selimundu hufaa anapozungumziwa mtu aliye katika matibabu. Nje ya hapo, mtu mwenye selimundu au anayeishi na selimundu hufaa zaidi, kwa kuwa hali hii ni ya maisha yote na mhusika hayuko kitandani kila siku.

Kurithi, kurithisha, kuambukiza
Hapa ndipo tafsiri nyingi huteleza. Kuambukiza ni kupitisha vimelea kutoka kiumbe kimoja hadi kingine. Selimundu haina vimelea, hivyo sentensi *ameambukizwa selimundu ni kosa la maana, si la mtindo tu. Kurithi ndicho kitenzi sahihi. Hata hivyo, kauli yake ya kutendesha inahitaji uangalifu. Sentensi Mama amemrithisha mtoto selimundu haina kosa la sarufi, lakini inamweka mama katika nafasi ya mtenda na kumwondoa baba kabisa. Katika hali ya kawaida ya ugonjwa huu, mtoto huzaliwa nao pale tu anapopokea jeni ya selimundu kwa baba na nyingine kwa mama. Sentensi iliyo salama ni: Mtoto amerithi jeni ya selimundu kwa wazazi wote wawili.

Tofauti hii si ya darasani tu. Katika wilaya za Kibondo na Kasulu, kwenye nyanda za juu za Kigoma, Waha huhesabu ukoo kwa upande wa baba. Mfasiri akiandika ugonjwa wa ukoo, msikilizaji ana haki ya kuuliza: ukoo wa nani? Jibu lolote litaelekeza lawama upande mmoja, na ndoa inaweza kuvunjika kwa sababu ya neno lililochaguliwa vibaya. Kwa hiyo ugonjwa wa kurithi ni bora kuliko ugonjwa wa ukoo. Neno kinasaba (wingi vinasaba), linalotumiwa badala ya jeni, nalo lina mzizi wa nasaba. Likitumika, pande mbili za nasaba zitajwe.

Mbebaji na mwenye ugonjwa
Mwenye jeni mbili za selimundu huandikwa SS. Mwenye moja tu huandikwa AS naye huitwa mbebaji. Mbebaji kwa kawaida haugui. Kumwita *mwenye selimundu kidogo, au mwenye *dalili za selimundu, ni kumpa ugonjwa asio nao. Wabebaji wawili wakizaa, kwa kila mimba uwezekano wa mtoto kuwa SS ni 1 kati ya 4, kuwa AS ni 2 kati ya 4, na kuwa AA ni 1 kati ya 4. Maneno kwa kila mimba yasiachwe. Tafsiri isemayo *kati ya watoto wanne mmoja ataugua humfanya mzazi aamini kwamba, akishampata mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata wamesalimika.

Upungufu wa damu
Upungufu wa damu ni matokeo ya selimundu, si jina lake jingine. Seli nyekundu ya kawaida huishi takriban siku 120. Seli iliyopinda huvunjika baada ya siku 10 hadi 20. Mfasiri akitumia upungufu wa damu peke yake, familia itaelewa kwamba tiba ni mchicha, maini au juisi ya rosela. Chakula bora ni muhimu, lakini hakibadili himoglobini. Mtoto huyo anahitaji kliniki, dawa kama haidroksiyurea, na kinga dhidi ya maambukizi na malaria.

Malaria inahitaji maelezo yake. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba AS humpa mtu kinga kiasi dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana jeni hii imedumu katika nchi zenye malaria, Tanzania ikiwamo, ambako hukadiriwa kuzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Kinga hiyo ni ya mbebaji. Kwa mwenye SS malaria ni hatari kubwa. Neno kinga lisiandikwe bila kutaja ni ya nani.

Matumizi katika mazingira ya lugha nyingi
Kiha na Kirundi huelewana kwa kiasi kikubwa, na kambi ya Nyarugusu, Kasulu, imepokea wakimbizi wa Kongo tangu 1996. Msikilizaji aliyesoma kwa Kifaransa anaweza kuijua drepanositosi au SS asiijue selimundu. Mkalimani ataje majina yote mara ya kwanza, kisha abaki na moja hadi mwisho.

Mifano
Wazazi wote wawili ni wabebaji, ingawa hakuna aliyewahi kuugua.
Kipimo cha damu kilionyesha kwamba mtoto ana selimundu tangu kuzaliwa.

Tazama pia: himoglobini, jeni, kinasaba, mbebaji, mundu, rithi.