Mlangamia: Nyuzi Zisizo na Majani

Usiutafute mzizi wake. Nyuzi hizi za kijani na rangi ya machungwa, zilizotanda juu ya vichaka vya pwani ya Unguja kama wavu ulioanikwa, ni mlangamia. Mwanabotania Linnaeus aliuita *Cassytha filiformis* mwaka 1753.

Mbegu huota ardhini kama nyingine. Shina likishapata mti wa kujizongomeza, mzizi hufa. Tangu hapo mmea hunyonya kwa mti huo, mwenyeji wake, kupitia vinyonyeo vinavyotoboa gome lake. Majani yamebaki vigamba tu, ingawa ukijani wa shina bado hujitengenezea chakula kidogo. Tunda ni la mviringo, mithili ya njegere.

Ukoo wake? Mdalasini na mparachichi, miti isiyomtegemea mwenyeji!

Tafadhali usiuvute: utaondoka na matawi ya mwenyeji.