Faramir na Kishawishi cha Mamlaka

Katika The Two Towers, riwaya ya J. R. R. Tolkien iliyochapishwa mwaka 1954, Faramir anagundua kwamba Frodo amebeba Pete ya nguvu, naye anakataa kuitwaa. Katika filamu ya Peter Jackson ya mwaka 2002, Faramir huyo huyo anampeleka Frodo mateka hadi Osgiliath, ndipo anapomwachilia. Waandishi wa filamu walijitetea kwamba Pete isiyomtikisa mtu ingepoteza kitisho chake. Kisanaa, hoja hiyo ina mashiko; kisiasa, naiona hasara yake. Tolkien, aliyepigana vita vya Somme mwaka 1916, alituachia kiongozi anayeyakataa mamlaka haramu kabla hajayaonja. Sinema ikatupa anayejirudi baada ya kukosea. Jamii iliyozoea viongozi wa kutubu tu husahau kwamba kukataa kunawezekana.